MAX LOOFF: Nahodha wa manowari ya bomba tatu, ambaye mzinga wake ulifia Kahe

Leo naomba tupumzike kidogo na siasa na bei ya kahawa. Nataka kumzungumzia mzee mmoja wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1954, lakini jina lake ukilitaja kwa watu wanaocheza vita vya majini vya mezani, popote walipo duniani, wanakuelewa mara moja. Anaitwa Max Looff. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Königsberg, ile manowari iliyojificha Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza, Rufiji na Moshi wapi na wapi? Vuta subira ndugu yangu, tutafika Kahe.

Kwanza kwa wale wasioujua mchezo wenyewe. Ni kama drafti iliyokwenda shule. Unatandika shuka la bluu mezani, hiyo ndiyo bahari. Meli ni vijimodeli vidogo vya bati au mbao, vingine havizidi urefu wa kidole. Mwendo unapimwa kwa rula, na kombora likipiga au likidondokea majini inaamuliwa na dadu. Mwingereza Fred T. Jane alitoa kanuni za mchezo huu mwaka 1898. Baadaye, miaka ya 1930, mwandishi wa Kimarekani Fletcher Pratt alikuwa anawakusanya watu wazima kule New York wanatambaa sakafuni na meli za mbao, na wala hawaoni aibu. Kwenye hesabu ya Pratt kila meli ina pointi zake kutokana na mizinga, unene wa chuma, mwendo na uzito. Sisi tunaocheza hapa Moshi tuko wachache na modeli za dukani hatuna uwezo nazo. Tunatumia vizibo vya soda na viboksi vya kiberiti. Königsberg yetu ni kiboksi cha kiberiti chenye njiti tatu zimesimama juu, ndiyo mabomba yake ya moshi.

Sasa tatizo liko hapa. Ukiiweka Königsberg peke yake mezani mbele ya meli za Mwingereza, ukahesabu pointi kama Pratt anavyotaka, mchezo unakwisha kabla chai haijapoa. Kila mara! Na si Königsberg tu. Kuna watu wanapenda kucheza na kijeshi kidogo cha majini cha Poland cha mwaka 1939, nao wanalia kilio hicho hicho. Poland nawataja kwa makusudi, maana hawa si wageni kabisa kwetu. Ukitoka Moshi kwenda Arusha unapita Tengeru, na pale kuanzia mwaka 1942 walikuwepo wakimbizi wa Kipolandi karibu elfu tano, wengi wanawake na watoto, waliotolewa Siberia wakapitia Irani mpaka huku. Makaburi yao yapo mpaka leo.

Basi nchi ya hao watu ilikuwa na manowari chache mno. Tarehe 30 Agosti 1939, siku mbili kabla Hitler hajavamia, manowari zao tatu za mbio, Grom, Burza na Błyskawica, ziliondoka zikaenda Uingereza. Zilizobaki, Wicher na Gryf, zilipigwa na ndege pale Hel tarehe 3 Septemba zikazama. Nyambizi yao Orzeł ilizuiliwa Tallinn, ramani zikachukuliwa, nayo ikatoroka hivyo hivyo bila ramani ikafika Uingereza mwezi Oktoba. Mwaka 1941 manowari yao nyingine, Piorun, iliikimbilia Bismarck na kurushiana nayo makombora, kama sungura anayemchokoza tembo. Ukihesabu pointi mezani, Wapolandi wamepata sifuri tangu siku ya kwanza. Lakini vita haikuwahesabu sifuri. Błyskawica ilipigana mpaka mwisho, na leo ni makumbusho pale Gdynia.

Kwa hiyo swali ni hili: meli chache unaziwekaje mezani ili mchezo useme kweli? Mimi naona jibu liko kwenye maisha ya huyu Looff.

Alizaliwa mwaka 1874, Ujerumani ikiwa ndiyo kwanza imeungana kuwa dola moja na bado haina hata koloni moja Afrika. Ujana wake wote akaumalizia kwenye jeshi la majini la Kaisari, akapanda cheo kidogo kidogo kama wanavyopanda wanajeshi wakati wa amani. Mpaka anafika miaka arobaini hakuna aliyemjua zaidi ya wenzake wa kazini. Masika ya mwaka 1914 ndipo akakabidhiwa Königsberg na kuambiwa aende Afrika Mashariki.

Manowari yenyewe iliundwa Kiel na kuanza kazi mwaka 1907. Urefu kama mita 115, mizinga kumi ya milimita 105, na mbio zake zaidi ya noti ishirini na tatu. Kwa Ulaya ilikuwa ya daraja la kati, tena ilishaanza kuzeeka. Kwa bahari yetu ilikuwa mfalme. Ilipotia nanga Dar es Salaam mwezi Juni 1914 watu walimiminika kuitazama, wakaipa jina lao wenyewe: manowari na bomba tatu. Vijana wa leo mkisikia bomba mnafikiria kitu kizuri, na kusema kweli hata wale wa 1914 nadhani ndivyo walivyoiona. Ilikuwa iwepo kwenye maonyesho makubwa ambayo Wajerumani walipanga kuyafanya Agosti mwaka huo, kusherehekea reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma. Maonyesho hayo hayakufanyika. Vita ilianza.

Tuseme na hili kabla hatujaendelea, nisije nikaambiwa nawapamba Wajerumani. Huku kwetu Kilimanjaro tunawajua. Mangi Meli wa Old Moshi walimnyonga mwaka 1900, na habari ya fuvu lake kutafutwa kule Ujerumani mnaijua. Kwa hiyo Looff simwandiki kama shujaa wangu. Namwandika kwa sababu alichokifanya kilitufikia mpaka huku mlimani, na waliokibeba ni watu wetu.

Tarehe 31 Julai 1914 Looff aliona mawingu ya vita yameiva akatoka bandarini Dar. Nje walikuwa wanamsubiri Waingereza na manowari tatu, Hyacinth, Astraea na Pegasus. Walitaka wamfuate mgongoni, vita ikitangazwa tu wammalize. Jamaa akasubiri mvua ya ghafla na giza, akakoleza moto, akawapotea. Meli zao zilikuwa nzee na nzito, zisingeweza kumkimbiza. Hapa tayari kanuni ya kwanza ya mezani inaonekana: mbio si pointi tu, mbio ni haki ya kuchagua kupigana au kutokupigana.

Tarehe 6 Agosti akaikamata City of Winchester upande wa Oman, meli ya biashara ya Kiingereza iliyokuwa imebeba chai kutoka India. Akaizamisha. Na kusema ukweli hapo ndipo mawindo yake ya biashara yalipoishia, maana adui yake mkubwa hakuwa Mwingereza. Adui alikuwa makaa ya mawe. Meli ya mvuke bila makaa ni boma la chuma linaloelea. Waingereza walinunua makaa yote waliyoweza bandari za jirani ili yeye asiyapate, na yale aliyoyatoa kwenye meli aliyoikamata yalikuwa mabovu. Ilimbidi aviziane na meli yake ya mizigo, Somali, katikati ya bahari ili ajaze kidogo.

Halafu akapata habari mbaya ya nyumbani. Gavana Schnee hakutaka Dar es Salaam ipigwe mabomu, na gati lile linaloelea likazamishwa kwenye mlango wa bandari. Maana yake hata Königsberg yenyewe haiwezi kurudi. Fikiria, umetoka kazini umekuta nyumbani wamebadilisha kufuli! Ndipo akaenda Rufiji. Pale mto unagawanyika mikono mingi sana kabla haujaingia baharini, mikoko imefunga kila upande, maji yanakupwa na kujaa. Ramani za Waingereza za eneo hilo zilikuwa za kizamani. Wajerumani walikuwa wamelipima wenyewe na chombo chao Möwe, wanajua wapi kuna kina na wapi mtu atakwama.

Akiwa huko akaletewa habari kwamba Unguja kuna manowari ya Kiingereza imetia nanga. Ilikuwa Pegasus, imezimwa mitambo inafanyiwa matengenezo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Looff akatokea. Mizinga ya Pegasus haikumfikia, yake ilifika vizuri. Dakika kama ishirini kazi imekwisha. Mabaharia zaidi ya thelathini wa Pegasus walikufa, na baadhi wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, kile wanachokiita kisiwa cha makaburi, ukisimama Forodhani unakiona. Watu wa Unguja waliamka kwa mshindo, na wengine walidhani ni mambo ya mwaka 1896 yamerudi, pale Waingereza walipoipiga kasri ya Sultani.

Huo ulikuwa ushindi wake mkubwa na pia ndio ulikuwa mwisho wake baharini. Wakati wa kuondoka mtambo ukavunjika. Looff akajikokota mpaka Rufiji, akajificha Salale. Vyuma vilivyoharibika vikafunguliwa na kupelekwa karakana za Dar es Salaam kwa nchi kavu, kilomita zaidi ya mia moja za tope, mito na vichaka, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Nani alivibeba? Hakukuwa na lori wala reli ya kutoka Rufiji. Walivivuta na kuvibeba Waafrika. Na mtambo ulipona kweli! Ila wakati umepona, mlango ulishafungwa.

Mwisho wa Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iligundua alipo. Wakaja wenzake, Dartmouth na Weymouth. Novemba wakazamisha meli nzee ya makaa, Newbridge, kwenye mkono mmoja wa mto ili kumzibia, lakini mikono mingine ilibaki wazi. Wakaleta ndege, na rubani wa kwanza, Cutler, hakuwa hata mwanajeshi. Ndege zenyewe zilikuwa zinayeyuka kwa joto, gundi inaachia. Ikaja mpaka Goliath, manowari kubwa ya mizinga ya inchi kumi na mbili, nayo haikuweza kusogea karibu kwa sababu ya kina. Wakateka kisiwa cha Mafia Januari 1915 wapate uwanja. Wakamtuma mwindaji Pieter Pretorius aingie mwituni apime maji na kutafuta njia. Yaani kila kitu.

Hesabu hiyo sasa, wadau. Kwa zaidi ya miezi nane kiboksi kimoja cha kiberiti, kimelala kwenye matope, hakirushi hata risasi, kimezishika meli kadhaa za Mwingereza ambazo zilihitajika kwingine. Hilo kwenye pointi za Pratt halipo. Hapa kwetu tumebadilisha. Anayecheza upande wa Looff anapata pointi kwa kila mwezi ambao meli ya adui inalazimika kubaki mlangoni. Na mto hauwekwi mezani, unachorwa kwenye karatasi ambayo Mwingereza haioni. Makaa ni punje za maharage kwenye kikombe, kila mwendo wa kasi unatoa punje mbili, kikombe kikikauka umekwama. Tangu tumefanya hivyo watu wanagombania kuwa Looff. Zamani hakuna aliyetaka.

Ndani ya mto lakini maisha hayakuwa mchezo. Malaria iliwalaza mabaharia. Wengine wakachukuliwa kwenda kupigana nchi kavu na Jenerali Lettow-Vorbeck, ambaye makao yake makuu ya kaskazini yalikuwa hapa Moshi. Ujerumani ikajaribu kuwasaidia kwa meli ya kujibadili sura, Rubens, iliyopita njia ndefu ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Ilikuwa imebeba makaa ya Looff. Hyacinth ikaiwahi na kuipiga. Risasi na bunduki nyingi ziliokolewa na zikamfaa Lettow, lakini ndoto ya Königsberg kurudi kwao iliishia hapo. Sijui kama kuna kitu kinauma kama kumwona mgeni uliyemsubiri miezi anaungua mlangoni.

Mwishowe Waingereza wakaleta Severn na Mersey. Hizi zilikuwa meli fupi na pana, zilizoundwa kwa ajili ya Brazili zipite kwenye mito ya Amazon, zinahitaji maji chini ya mita mbili tu. Wakazivuta kutoka Malta mpaka Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni, zikarusha makombora zaidi ya mia sita siku moja, na Looff hakuzama. Yeye alikuwa na watu wake nchi kavu waliojificha wanamwelekeza kwa simu, na Mersey ilipigwa vibaya. Tarehe 11 Julai zikarudi, safari hii na ndege juu inayowaambia kila kombora limeangukia wapi. Wajerumani waliitungua hiyo ndege, lakini ilikuwa imeshachelewa, vipimo vimeshapatikana. Mizinga ya Königsberg ikanyamaza mmoja mmoja. Looff mwenyewe akajeruhiwa. Akaamuru waliobaki washuke, na chombo chake akakilipua mwenyewe kwa kichwa cha torpedo ili adui asikichukue.

Wengine wakicheza huwa wanakunja shuka hapo. Mimi nasema hapo ndipo nusu.

Königsberg haikuzama kwenye kina. Ililala kwenye matope, sehemu ya juu inaonekana. Wajerumani wakarudi, wakazamia vifunga mizinga walivyokuwa wamevitupa majini, wakaichomoa mizinga yote kumi. Bomba la mzinga mmoja peke yake ni zaidi ya tani moja. Mizinga ikapelekwa Dar es Salaam kwenye karakana za reli, mingine ikatengenezewa magurudumu, kisha ikasambazwa nchi nzima. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen kule Ziwa Tanganyika, ile meli ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Liemba. Na mingine ikaja kaskazini, njia ya kuelekea Kilimanjaro.

Simameni hapo kidogo muwaze. Wakati ule reli ya kati na reli ya Tanga mpaka Moshi hazikuwa zimeunganishwa. Ziliunganishwa mwaka 1963, Uhuru umeshapatikana. Kwa hiyo kutoka reli moja kwenda nyingine mzinga wa baharini ulipita nchi kavu, unavutwa na binadamu kwa kamba. Mzinga ulioundwa Ujerumani upige meli baharini, ukapanda nchi kwa migongo ya watu ambao wengi wao bahari hawajaiona.

Machi 1916 Waingereza na Makaburu wa Jenerali Smuts walipita Taveta, wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, wakaingia Moshi katikati ya mwezi. Lettow akashuka akajipanga Kahe, kwenye reli. Pale ndipo mabaharia wa Looff walipokuwa na mzinga wao. Tarehe 21 Machi ulinguruma siku nzima, mshindo wa baharini chini ya Kilimanjaro. Waingereza walishangaa, mizinga yao haikuwa na nguvu ya kufika mbali namna ile. Usiku Lettow akaamua kurudi nyuma kusini kabla hajazungukwa, na mzinga uliokuwa umefungwa pale haukuweza kuhamishwa. Wakaulipua.

Looff mwenyewe hakuwepo Kahe. Alikuwa Dar es Salaam, amepewa kazi ya kuulinda mji, nahodha asiye na meli anayechimba mahandaki. Hata hilo halikudumu, maana Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar na yeye na watu wake walishaondoka kuelekea kusini. Novemba mwaka huo aliwatoa Wareno Newala na kuwarudisha ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1917 alikuwa anapigana upande wa Lindi. Mabaharia wake kwa wakati huo walikuwa wanavaa viraka na kutembea kama askari wengine wowote, na kila mwezi walipungua kwa risasi na homa. Novemba 1917 Lettow alipoamua kuvuka kuingia Msumbiji na watu wachache wenye nguvu, wagonjwa na waliochoka aliwaacha Nambindinga, na Looff alikuwa kati ya walioachwa. Akawa mateka wa Waingereza.

Alirudi kwao baada ya vita na tarehe 2 Machi 1919 akapita kwenye gwaride la Berlin pamoja na Lettow, wanapigiwa makofi kama washindi wakati nchi yao imeshindwa na makoloni yamekwenda. Akastaafu jeshini, akapewa heshima ya cheo cha makamu admirali, akaandika vitabu. Kimoja alikiita kwa neno la Kiswahili, Tufani. Inaonekana nchi hii haikumtoka kichwani. Akaishi akaiona Ujerumani ikishindwa kwa mara ya pili, akafa mwaka 1954, mwaka ule ule ambao Nyerere na wenzake waliianzisha TANU. Nimelipenda hilo la miaka kukutana, hata kama ni bahati tu.

Königsberg ilidumu kuliko vile angetarajia. Watu walinunua haki ya kukata vyuma vyake, wakakata miaka nenda rudi, na mpaka miaka ya 1960 mabaki yalikuwa yanaonekana kabla mto haujayameza. Mzinga mmoja uko Pretoria. Mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, na karibu yake kuna mzinga wa Pegasus, maadui wawili wamewekwa kama masufuria ya nyumba moja. Watalii wanapigia picha hapo.

Nimerudi kwenye meza yetu. Tumeshaweka makaa, tumeshaweka mto wa siri, tumeweka hata meza ya pili ya nchi kavu ili mizinga ikitoka majini iendelee kucheza. Kitu kimoja kimetushinda na tumebishana mpaka usiku: wapagazi tuwaweke vipi? Mwenzetu mmoja anasema wasiwekwe, mchezo ni wa meli. Mimi nasema haiwezekani. Bila wao mtambo usingefika Dar na mzinga usingefika Kahe, Looff angekwisha Septemba 1914. Wanahistoria wanakadiria upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi karibu milioni moja, na karibu laki moja wakafa, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na hao. Upande wa Wajerumani nako walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, chakula kikachukuliwa pamoja nao, na kule Ugogo ikaja njaa ya Mtunya.

Pendekezo langu ni hili. Kila mzinga unaohamishwa nchi kavu, mchezaji atoe vizibo kwenye rundo la mashamba yake, na vizibo hivyo visirudi. Rundo likipungua, chakula cha jeshi kinapungua na mwendo unapungua. Hapo mchezaji ataujua uzito wa tani moja. Anayepinga anasema kanuni hiyo itamfanya Looff ashindwe mapema. Labda. Lakini basi tutakuwa tumejua nani alikuwa anamshindia.

Naomba maoni yenu, hasa mnaotoka Kahe, Taveta na Himo. Kama kuna mtu babu au bibi yake aliwahi kusimulia mshindo wa ule mzinga, au kuvutwa kwa kamba, au kijiji kilichochukuliwa vijana wake, aandike hapa chini hata kwa mistari miwili. Jumamosi tunacheza tena Kahe, na vizibo vya wapagazi bado havijapewa kanuni.